Sakafu ya mbao Mtwara: Pima unyevu kabla ya kushika nyundo

SAKAFU ya mbao ngumu, iliyorandwa na kupakwa vanishi kiwandani kabla ya kufika dukani, imerahisisha kazi ambayo zamani ilimhitaji seremala mzoefu. Mwenye nyumba halazimiki tena kupiga msasa chumba kizima wala kuhama nyumba akisubiri vanishi ikauke. Akiwa na msumeno, nyundo, futi na subira, anaweza kumaliza chumba cha kulala kwa siku mbili au tatu.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati na mwambao wote hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, ugumu wa kazi hiyo haupo katika kukata wala kugonga. Upo katika unyevu. Sakafu inayovimba na kuinuka katikati ya chumba miezi michache baada ya kuwekwa, mara nyingi iliharibiwa kabla ubao wa kwanza haujalazwa.

Kwa nini mbao huvimba

Mbao hunyonya unyevu wakati hewa ina maji mengi, na huutoa hewa inapokauka. Viwanda vya nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa joto, kwa kawaida hukausha mbao za sakafu hadi zibaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 9. Katika nyumba ya pwani iliyo wazi kwa upepo wa bahari, hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80 huzifikisha mbao hizo hizo kwenye asilimia 14 hadi 16.

Tofauti hiyo si ndogo. Ubao wa msaji huongezeka upana kwa karibu asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka. Kwa chumba chenye upana wa mita 4, ongezeko la asilimia 5 ya unyevu linaweza kuipanua sakafu kwa karibu sentimita 4. Ikikosa nafasi ya kutanukia, hujiinua yenyewe.

Kwa sababu hiyo, anayeanza ni vyema azifahamu aina mbili za mbao hizi. Ya kwanza ni ubao mmoja mzima, ambao hubadilika zaidi na huhitaji kugundishwa au kupigiliwa misumari juu ya plaiwudi. Ya pili ni ubao wa matabaka, wenye mbao ngumu juu na matabaka yaliyopishana chini yake. Huu hubadilika kidogo, na waweza kulazwa juu ya zege bila msumari. Kwa mgeni wa kazi aliye pwani, aina ya pili ndiyo salama zaidi.

Mbao halali

Anayependelea mbao za nyumbani anaweza kumwagiza seremala mwenye mashine akamrandia mbao zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, kisha zikapakwa vanishi kabla ya kulazwa. Mninga unasifika kwa kutobadilika sana baada ya kukauka vizuri. Mkongo nao ni mgumu na wa kudumu. Kwa kuwa hizi ni mbao nzima, kuzilaza ni kazi inayofaa kufanywa na fundi, au chini ya uangalizi wake.

Lakini miti hiyo huchukua miongo mingi kufikia umri wa kuvunwa, na misitu ya kusini imekwisha kuumia. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, biashara ya magogo kutoka Lindi na Mtwara ilipamba moto. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa mapato yaliyokuwa yakipotea yangeweza kufikia dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka.

Mnunuzi, kwa hiyo, adai risiti, aulizie hati ya kusafirishia mazao ya misitu na aangalie alama ya nyundo inayogongwa kwenye mbao halali. Akiwa na shaka, ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndizo za kuulizwa. Kwa mbao zinazovuka Ruvuma kutoka Msumbiji uangalifu unapaswa kuwa mkubwa zaidi: tangu uamuzi uliopitishwa mjini Panama Novemba 2022, mninga na mkongo vimo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji kibali.

Zege kwanza

Zege jipya lisifunikwe kwa mbao kabla ya miezi miwili, na msimu wa mvua huongeza muda huo. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni angavu, nusu mita kila upande, na kuziba kingo zake zote kwa selotepu. Baada ya saa 24, matone chini ya nailoni au zege lililobadilika kuwa jeusi ni dalili kwamba maji bado yanapanda. Kutoonekana kwa matone si uthibitisho kamili. Fundi mwenye kipima unyevu atatoa jibu la uhakika zaidi.

Sakafu pia iwe sawa. Ubao ulionyooka wa mita 2 ukilazwa juu yake, uwazi chini yake usizidi milimita 3. Vilima visuguliwe na mashimo yazibwe. Nyumba inayoingia maji wakati wa masika, bafu, na chumba chenye dalili za mchwa visiwekewe mbao kabisa. Huko marumaru ndiyo jibu.

Maboksi ya mbao yaingizwe chumbani mapema, yafunguliwe na mbao zipangwe kwa kuachiwa nafasi ya hewa kupita. Mbao za matabaka zifuate muda ulioandikwa na kiwanda, ambao aghalabu ni siku mbili au tatu. Mbao nzima zihitaji wiki mbili au zaidi, na kipimo kiwe unyevu wake, si kalenda. Madirisha yaachwe kama yatakavyokuwa siku zote: wazi kwa wanaotegemea upepo, yamefungwa kwa wenye kiyoyozi.

Hatua za kulaza

1. Pima eneo la chumba na ununue mbao za ziada kwa asilimia 10, kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa.

2. Tandaza nailoni nene, kila kipande kikilalia kingine kwa sentimita 20, kisha sponji nyembamba ya sakafu juu yake.

3. Anza kwenye ukuta mrefu ulionyooka. Weka kabari ili kuacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kuzunguka kuta zote. Anayelaza wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, asiipunguze nafasi hiyo hata kidogo, kwa kuwa mbao zitavimba mvua zikianza.

4. Nyoosha mistari miwili ya kwanza kwa kamba. Kosa la milimita 2 hapo huwa kubwa kadiri kazi inavyosonga mbele.

5. Changanya mbao za maboksi matatu au manne ili rangi zisijitenge, na maungio ya mstari mmoja yapishane na ya mstari wa pili kwa sentimita 30.

6. Usigonge ubao moja kwa moja. Weka kipande cha mti katikati ya nyundo na ubao, la sivyo ulimi utavunjika na vanishi itapasuka.

7. Kwenye milango, kata fremu kwa chini ili ubao uingie chini yake. Mstari wa mwisho upasuliwe kwa upana uliobaki, baada ya kutoa nafasi ya ukutani.

8. Ondoa kabari, kisha pigilia skatingi kwenye ukuta, kamwe si kwenye sakafu. Sakafu iliyofungwa kwa misumari ya skatingi haiwezi kutanuka.

Anayekata mbao ajifunike pua na mdomo na akatie nje. Vumbi la mninga na la mvule huwasha na huweza kuleta shida ya kupumua.

Matunzo

Desturi ya kudeki kwa ndoo ya maji ikomeshwe katika chumba hicho. Ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa vinatosha. Mchanga wa ufukweni hukwaruza vanishi kama msasa, hivyo mkeka wa mlangoni na kuvua viatu ni kinga ya kweli.

Gharama ya kusubiri wiki mbili ni ndogo. Gharama ya kung'oa sakafu iliyovimba ni kununua mbao mara ya pili, na kwa mbao za mninga au mkongo, ni mti mwingine kuanguka msituni kwa ajili ya chumba kile kile.