Mapenzi Yasiyoingia Sinema

Wengi wetu tumeiona sinema ya Out of Africa, ya mwaka 1985. Meryl Streep ana shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, Robert Redford ana ndege, na mapenzi yanawaka. Mambo yenyewe ni ya 1913 hadi 1931. Ilizoa Oscar 7. Nzuri, sikatai, muziki wake peke yake unatoa machozi. Lakini watumishi mle ndani, jamani, hatuwaoni wakipenda wala wakiachwa. Wanabeba sahani tu.

Hebu tuihamishe kamera, tuilete Itetemia, Unyanyembe, kwa watemi akina Fundikira. Miaka ni ileile. Vita vinavyowatawanya wazungu wa sinema ile ndivyo vilivyoutia mji wa Tabora mikononi mwa Wabelgiji, Septemba 19, 1916. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita huku, na watumwa walikuwamo majumbani, kwa Waarabu na hata kwa Waafrika wenzetu. Tuseme ukweli.

Sasa tazama kisa. Mjakazi hakuolewa bila ruhusa ya bwana wake, na watoto aliozaa na mume mtumwa walikuwa mali ya bwana huyo. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia Januari 1, 1906 watakuwa huru. Mama je? Alibaki vilevile, labda akombolewe kwa fedha. Basi fikiria chumba kimoja: mtoto wa 1905 mtumwa, mdogo wake wa 1906 huru, na wote wamelala mkeka mmoja!

Mume mwenye mabega angeweza kwenda pwani na mzigo kichwani, safari baada ya safari, akiweka rupia za kumkomboa mkewe. (Upagazi ndio uliowapa Wanyamwezi jina Afrika Mashariki nzima.) Kumbe mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Mzigo ukapanda behewa. Rupia angezipata wapi tena?

Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Binti wa 1906 alikwishafikia miaka 16, umri wa kuposwa siku zile. Mchumba abishe hodi kwa baba mtu, au kwa yule aliyekuwa bwana wa mama? Sinema ianzie hapo.