Mizani ya Mzee Bomani

Mwaka 2025 ilitimia miaka 100 tangu azaliwe Paul Bomani, na miaka 70 tangu lisajiliwe Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mjini Mwanza. Historia ya mtu huyu na ya ushirika ule ni moja, na inaanzia gulioni, mbele ya mizani.

Mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, miaka ya 1940, alifika gulioni na mzigo kichwani au juu ya baiskeli. Mnunuzi ndiye aliyepanga pamba, hii safi, ile fifi. Mnunuzi ndiye aliyepima, na ndiye aliyesoma. Mkulima asiyejua kusoma angebishana na nani? Ratili chache zikimezwa na mizani kila mzigo, mwisho wa msimu ni fedha ya kodi iliyokwenda, ni kanga ya mama watoto iliyobaki dukani.

Bomani hakuwa mkulima. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kisabato kutoka upande wa Musoma, akafanya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Lakini aliwasikiliza wakulima, na jibu lake na wenzake lilikuwa la akili sana: kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla haijaguswa na mnunuzi. Kwangu mimi, siasa ya Usukuma ilianzia hapo, kabla ya hotuba na kadi za chama.

Kutoka kupima, wakaamua kununua. Vyama vya msingi vikaota kijiji kwa kijiji, Bomani akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa imepigwa marufuku jimboni tangu 1954 hadi 1958, kwa hiyo ushirika ndio uliobaki kuwa baraza la watu. Kabla ya Uhuru, pamba yote ya jimbo ilikuwa inapita mikononi mwake.

Bomani akapanda nao: Baraza la Kutunga Sheria, Waziri wa Kilimo 1960, kisha Waziri wa Fedha. Shirikisho nalo lilinenepa. Wakulima walianza kunung'unikia makato na wakubwa wa ofisini, kama walivyomnung'unikia mnunuzi wa zamani. Uchaguzi wa 1965, Mwanza ikamwangusha waziri wake. Inauma kuyasoma hayo, lakini watu aliowafundisha kudai haki yao walikuwa wanaidai. Mwalimu Nyerere alimteua tena bungeni na kumrudisha wizarani.

Shirikisho likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza mwaka 1968. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika. Bomani, mwasisi wa shirikisho, alikuwa mbali, balozi Washington tangu 1972. Sheria ya 1982 ilipofungua mlango, Nyanza ikaundwa upya, na Mzee Bomani akarejea nyumbani 1983. Alifariki 2005, akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hadi leo, msimu wa pamba ukikaribia, maofisa wa Wakala wa Vipimo huzunguka kanda ya Ziwa wakikagua mizani.