Kibaraza Kabla ya Mlango: Ukarabati wa Majengo na Maeneo ya Umma Tabora

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Nyumba yenye mlango huo haikupewa bahati hiyo. Majengo yamewekewa kikomo cha nyuma zaidi, ndani ya karne ya 19, na yale ya baadaye husubiri hadi Serikali iyatangaze. Katika mji kama Tabora, basi, mtu anaweza kuutunza mlango, akaubomoa ukuta ulioushika, na asiwe amevunja sheria hiyo.

Wanasheria hawastahili lawama hizi peke yao. Wasanifu majengo nao, wanapopewa kazi ya kukarabati, huanzia palepale sheria ilipoishia: huuliza kitu gani kizuri kibakizwe. Mlango unabaki, labda na nguzo mbili tatu, halafu ndani inaingia dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, vigae vinavyong'aa na kiyoyozi. Nadhani swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Urithi mkubwa wa usanifu katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ni utaratibu wa kumpokea mtu: kivuli anachokikuta kwanza, mahali anapokalishwa, na hatua anazopitishwa kabla ya kufika ndani. Utaratibu huo ukivunjwa, mlango uliobaki ni pambo tu.

Ushahidi tunao. Tarehe 7 Novemba 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Burton aliwadharau wengi wa watu aliowakuta safarini, na maandishi yake lazima yasomwe kwa tahadhari. Lakini katika majengo jicho lake lilikuwa kali. Kitabu chake cha mwaka 1860 kinaieleza tembe, yaani nyumba ya udongo, ya Waarabu wa Unyanyembe kuanzia nje hadi ndani. Mbele pana upenu mpana wenye nguzo nene, na chini yake kibaraza cha udongo ulioshindiliwa. Hapo wanaume waliketi asubuhi na jioni. Hapo waliswali, waliongea na kufanya biashara. Kisha mlango mzito wa mbao wenye minyororo. Nyuma yake chumba cha wageni, ambacho samani zake pekee ni viti viwili virefu vya udongo, kulia na kushoto, ambavyo ncha zake zimefinyangwa zikainuka mithili ya mito ya kulalia. Mgeni akitarajiwa, hutandikwa mikeka na mazulia. Kutoka hapo kuna ujia uliopindwa kwa pembe ili macho ya mgeni yasifike uani, na baada yake ua wenyewe, ukizungukwa na vyumba visivyo na madirisha ya nje.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Kibaraza ni cha kila mtu. Chumba cha wageni ni cha aliyekaribishwa. Kona ya ujia ni mpaka usiohitaji mlinzi. Ua ni wa wenyewe. Ngazi nne za faragha zimejengwa kwa udongo na miti, na joto linashughulikiwa na vitu vilevile: ukuta mnene, upenu mrefu, ua unaopumua. Ile mito ya udongo ndiyo inayonivutia zaidi. Fundi aliyeifinyanga alijua kwamba mgeni hatakaa dakika kumi. Msafara ulipofika Unyanyembe ulivunjika: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamefika kwao, na mwenye mali alilazimika kungoja apate wengine. Mmisionari David Livingstone, aliyefika Kwihara, jirani na Tabora, pamoja na mwandishi wa habari Henry Stanley Februari 1872, aliagana naye tarehe 14 Machi, akaendelea kungoja watu na vifaa hadi tarehe 25 Agosti. Hizi zilikuwa nyumba za kungojea, na kila kitu ndani yake kilipimwa kwa kazi hiyo.

Tembe ya Kwihara, kilomita chache nje ya mji, leo ni jumba dogo la makumbusho linalojulikana kwa jina la Livingstone. Jina hilo ni uamuzi wa kisanifu, hata kama hakuna msanifu aliyeuchora. Linamweka mgeni mmoja katikati ya nyumba iliyokuwa na wenyewe, na iliyosimama katika biashara ya pembe na ya watu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikazitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ukiichukua kauli hiyo kwa uzito, mpangilio wa ndani wa Kwihara unapaswa kuanzia barazani, penye mapatano ya bei, kisha uipite kona ya ujia, uingie katika vyumba vya uani ambavyo mgeni wa heshima hakuonyeshwa. Ile kona iliyowasitiri wanawake wa nyumba ingeweza pia kuficha shehena, na katika biashara hii shehena ilikuwa pamoja na binadamu. Mtazamaji akipitishwa humo kwa miguu yake ataelewa jambo ambalo maandishi ukutani hulieleza kwa shida.

Kuhusu udongo wenyewe, mafundi wa Tabora wanajua mengi kuliko hati za zabuni. Mvua huko hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha jua linashika. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanayopenya kwenye nyufa hukosa pa kutokea. Udongo ulio nyuma hulainika, lipu inavimba, na siku inapobanduka hushuka na kipande cha ukuta. Kwa macho ya mkaguzi lipu ile ndiyo iliyokuwa kazi bora, kwa kuwa siku ya makabidhiano ilinyooka. Lipu ya udongo haijidai kudumu. Hupakwa tena baada ya mvua, na ukuta ulio chini yake unaendelea kuishi. Djenné, nchini Mali, wakazi hukusanyika kila mwaka kuupaka upya msikiti wao mkubwa wa udongo, na mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1988. Hakuna anayesema msikiti umepoteza uhalisi kwa sababu tope la juu ni la mwaka huu.

Hapa ndipo fedha zetu za umma zinapokwama. Bajeti ya mradi ina mwanzo na mwisho, mkandarasi na siku ya kukata utepe. Fundi wa kuzunguka kila Mei na ndoo ya udongo, akiziba nyufa na kuvunja njia za mchwa, haingii katika mradi. Anaingia katika matumizi ya kawaida, ambayo ndiyo hukatwa kwanza. Msanifu anayekarabati jengo la udongo bila kuandika ratiba ya matunzo na jina la cheo kitakachoisimamia amefanya nusu ya kazi, hata michoro yake ikiwa safi namna gani.

Nimeshawahi kupingwa kwamba haya ni mapenzi ya wasomi kwa nyumba ambazo wenyewe walizikimbia. Hoja hiyo ina uzito. Paa la tembe huvuja, ni zito, mchwa hula miti yake, na hakuna sababu ya kumtaka mkazi wa Tabora aache bati. Lakini bati halikukataza kibaraza. Nyumba nyingi za mji huu zenye paa la bati bado zina kibaraza mbele na ua nyuma, na watu bado wanakaa hapo. Kilichovikata vibaraza ni fremu za maduka zinazosogezwa hadi ukingo wa barabara, na ofisi zinazokarabatiwa kwa kuuziba upenu ili kupata chumba kimoja zaidi. Chumba kinapatikana, ofisi nzima inaanza kuoka, kinanunuliwa kiyoyozi, na wananchi wenye shida zao wanasubiri juani.

Nje ya majengo, kivuli cha Tabora ni miembe. Mti huu uliingia bara pamoja na biashara ya pwani, na Tabora na Ujiji ndiko unakoiona historia hiyo ikiwa hai. Chini yake kuna mama lishe, fundi baiskeli, bodaboda, wacheza bao. Mpango wa kupendezesha eneo la aina hii kwa kawaida huleta vitofali vya saruji hadi kwenye shina, bustani yenye uzio na mabenchi ya chuma yaliyowekwa juani. Mizizi inakosa maji na hewa, wafanyabiashara wanaondolewa, na eneo linakuwa safi kwa kuwa halina mtu. Mwaka 1996 wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal walipewa kazi ya kupendezesha kiwanja kidogo cha Bordeaux, Place Léon Aucoc. Walikikagua, wakaongea na wakazi, wakajibu kwamba kiwanja kilikuwa kizuri tayari: miti ihudumiwe, changarawe ibadilishwe, usafi ufanywe mara nyingi zaidi, basi. Mwaka 2021 walipata Tuzo ya Pritzker. Sisemi Tabora isijenge kitu. Panahitajika vyoo, mifereji ya mvua, maji ya bomba na taa. Lakini hivyo vyote vinaweza kupita pembeni ya mizizi, na anayekaanga mihogo chini ya mwembe akaachiwa nafasi yake kwenye mchoro kama mtumiaji halali.

Mtihani ulio karibu ni stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaua kazi ya upagazi bila kuua kungojea. Tabora ikawa mahali pa kubadilishia treni, na baadaye tawi la Mwanza likaongeza abiria. Sasa reli ya kisasa inajengwa kupitia mkoa huu, na majengo ya reli ya zamani yatahitaji kuamuliwa yawe nini. Kishawishi kitakuwa kuyageuza ukumbi wa kukodisha wenye kuta zilizopakwa rangi mpya. Ningependa hadidu za rejea za kazi hiyo zianze kwa kumtaka msanifu apime kivuli cha kila upenu saa nane mchana mwezi Oktoba, ahesabu waliokaa chini yake na mizigo yao, aandike wanafanya nini, na hapo ndipo aruhusiwe kuchora ukuta wa kwanza.