Bizalu: Mabaki ya Dhahabu ya Kivu Kusini na Historia ya Kuisafisha Ardhi

Miongoni mwa maneno ambayo uchimbaji wa dhahabu umeyatia katika Kiswahili cha Kivu Kusini, mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni twangaise, yaani kitenzi kutwanga kilichovishwa kiishio cha Kifaransa. Mama twangaise ni mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu kwa mikono. La pili ni bizalu, mchanga na tope vinavyobaki baada ya dhahabu kutolewa. Mama bizalu huyachukua mabaki hayo na kuyaosha upya, akitafuta chembe zilizowaponyoka waliomtangulia. Mhandisi wa mazingira akiviona bizalu ataviita taka zenye sumu. Mwenye kuviosha huviita riziki, wala hakosei.

Maneno hayo husikika hasa Kamituga, mji wa machimbo ulio takriban kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, katika wilaya ya Mwenga. Dhahabu ya huko ilichimbwa wakati wa ukoloni na kampuni ya Kibelgiji ya Minière des Grands Lacs, iliyojulikana kwa herufi zake MGL. Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba kwa mikono, na SOMINKI ilipovunjwa mwaka 1997 wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuzoea kuingia katika mashimo na malundo ya zamani. Banro, kampuni ya Kanada iliyorithi vibali, iliweka nguvu zake kwanza Twangiza, huko Luhwindja, ambako dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwaka 2011. Kamituga ilibaki mikononi mwa wachimbaji, na dhahabu yao ikaendelea kupandishwa Bukavu kwa wanunuzi.

Maji hayakufuata njia ya dhahabu. Mito ya Kamituga hushuka magharibi hadi Lualaba, ilhali maji ya Bukavu hutoka Ziwa Kivu kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika. Mkazi wa Bukavu angeweza kujifariji kwa tofauti hiyo, lakini Tanganyika nayo humwaga maji yake kwa mto Lukuga, na Lukuga huingia Lualaba.

Katika mchanga huo limo zao la kazi yenyewe: zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa. Zebaki hushikamana na dhahabu, donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Mvuke huenda hewani na katika mapafu ya mchomaji, na dhahabu hubaki. Sehemu ya zebaki, hata hivyo, haifiki motoni. Hupasuka kuwa vitone vidogo mno, ikaenda pamoja na mabaki na kutua katika mashapo ya mto. Huko bakteria waishio mahali pasipo na hewa huigeuza kuwa methili-zebaki, aina inayoingia katika samaki na kuongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa huko Minamata, Japani. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda cha Chisso kiliendelea kumwaga zebaki baharini hadi 1968. Usafishaji wa ghuba ulianza mwaka 1977 na kumalizika 1990: mashapo kiasi cha mita za ujazo milioni 1.5 yalizolewa, yakafungiwa nyuma ya kuta na kufunikwa, na hekta 58 za nchi kavu zikapatikana juu yake. Yafaa isisahaulike kwamba zebaki haikuangamizwa. Ni elementi, haiozi wala haiungui ikaisha. Ilihamishwa na kuzikwa, na kaburi lake linahitaji kulindwa daima.

Mbinu nyingine zilizositawi tangu miaka ya 1980, hasa Marekani, zilihusu zaidi mafuta na kemikali za viwandani. Maji ya ardhini yalipampiwa juu, yakachujwa na kurudishwa. Katika miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba pampu huweza kuendeshwa miaka mingi bila maji kufikia kiwango kilichokusudiwa, kwa kuwa uchafu hujificha katika udongo na kuchuruzika polepole. Bakteria walitumiwa kula mafuta. Kwa metali bakteria hana cha kula, na uchaguzi hurudi palepale: kuchimba na kuondoa, kufunika, au kuifunga sumu isisogee.

Mbinu zote hizo zilibuniwa kwa kudhani kwamba uchafu hauna anayeutaka. Kamituga una wenyewe wengi. Kuviziba bizalu kwa udongo safi, jambo ambalo kitabu chochote cha uhandisi kingelipendekeza, ni kumfungia mama bizalu shamba lake. Tena, katika miaka ya 2010 mashine za kusaga zilipoenea, kazi ya mama twangaise ilipungua sana, na kwa wengi wao mabaki yakawa kimbilio.

Wakati huohuo mabaki yalipata mnunuzi mpya. Wenye mitaji walianza kuyaloweka katika sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu isiyoweza kunaswa na zebaki. Kwa macho ya haraka hili laweza kuonekana kuwa ni usafishaji, maana malundo yanapungua na kinachobaki hakina thamani tena. Kikemia mambo ni kinyume. Sianidi huiyeyusha zebaki pia. Ile iliyokuwa imetulia kama vitone vizito chini ya mchanga hugeuka kuwa sehemu ya maji, na huweza kusafiri nayo mbali na kwa wepesi zaidi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unakitaja kitendo hiki waziwazi: kutumia sianidi katika mabaki yenye zebaki bila kwanza kuitoa zebaki ni miongoni mwa desturi ambazo nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa hutakiwa kuchukua hatua za kuzikomesha.

Kuitoa kwanza kunawezekana. Zebaki ni nzito kuliko mchanga, na sehemu yake hunaswa kwa kuuosha mchanga polepole juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Donge likichomwa ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza, mvuke wake hurudi kuwa zebaki. Lakini mtu anayenunua bizalu kwa ajili ya sianidi hapati faida yoyote kwa kazi hiyo ya ziada.

Sheria ya Kongo inayo majibu kwa upande mmoja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inamtaka mchafuzi alipe, na Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali aweke dhamana ya kuitengeneza ardhi atakayoiharibu. MGL na SOMINKI hazipo tena kudaiwa dhamana. Mchanga wao umekwisha kuchanganyika na wa wachimbaji wa baadaye katika lundo moja, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kusema kitone kipi cha zebaki kilitoka mkononi mwa nani.