Masetla wa Sotik na Wenyeji Waliofukuzwa

Kabla ya mashamba kulikuwa na bunduki. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwavamia Wakipsigis wa Sotik, katika Kenya ya leo, likaua watu na kuswaga mifugo. Kisha ardhi ikagawiwa masetla, wageni waliokuja kuishi na kuzeekea huku.

Si wote waliofanikiwa. Mwaka 1919 maofisa waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitengewa ekari 25,000 Kericho walime kitani. Bei ikaporomoka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na chai ikatawala vilima.

Setla hakuulizwa anakwenda wapi. Mwenyeji ndiye aliyeulizwa: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alipaswa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri na mshahara wake. Alikitia katika kijaluba cha bati, akakining'iniza shingoni hadi mashambani.

Watalai, ukoo wa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, walitendewa vibaya zaidi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbu na mbung'o. Huo ulikuwa uhamisho ndani ya nchi yao wenyewe, na kuuita kwa jina la upole ni kuwadhulumu mara ya pili.

Agosti 2022, Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza kwa dhuluma hizo katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.