Gazi na Mikoko Pamoja

Anayetoka Ukunda kwenda Msambweni, kusini mwa pwani ya Kenya, huweza kuipita Gazi bila kujua. Mji wenyewe umejificha nyuma ya minazi, upande wa bahari, na mbele yake kuna ghuba inayopokea mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji. Maji baridi ya mito hiyo yanapochanganyika na ya chumvi ndipo mikoko ilipostawi, na Gazi imeishi kwa mikoko tangu zamani.

Vitabuni hutajwa zaidi kwa vita. Mwaka 1837 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwang'oa Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa. Wengine wakahamia Takaungu, wengine wakashuka kusini hadi Gazi. Huku alitawala Mbaruk bin Rashid wa ukoo huo, ambaye masultani wa Zanzibar hawakuweza kumtuliza. Mwaka 1895 Waingereza walipoingilia urithi wa utawala wa Takaungu, alishika silaha tena. Ngome yake ya Mwele ikatekwa Agosti, na Aprili 1896 akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, na jumba lake la Gazi likaja kutumiwa kama shule. Ushujaa wake haukanushiki, ila tukumbuke pia kwamba mashamba ya Mazrui yalilimwa na watumwa.

Mimi naona historia kubwa zaidi ya Gazi imeandikwa topeni. Fito, pau, boriti, nguzo: kila fundi wa pwani anayajua majina hayo ya unene wa mti, na majahazi yalibeba shehena za boriti hadi Arabuni. Kisha miaka ya 1970 misitu ya ghuba hii ilifyekwa kupata kuni za viwandani. Serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, sehemu nyingine zilikuwa zimebaki tope tupu, na mikoko ikiondoka samaki hukosa pa kulelewa.

Mwaka 1991 upandaji ulianza, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wakishirikiana na wenyeji. Kazi yenyewe hutaka miguu na mgongo: maji yakitoka, unaingia topeni hadi magotini na kuchomeka miche ya mkoko, mirefu kama fimbo, mmoja baada ya mwingine. Mchu una mahali pake, mkandaa una pake. Ukikosea kina cha maji, mche unakufa.

Kutokana na jasho hilo ilizaliwa Mikoko Pamoja mwaka 2013, taasisi ya wanakijiji wa Gazi na Makongeni, mradi wa kwanza wa jamii duniani kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Eneo lake ni hekta 117, na kila mwaka huuza takriban tani 3,000. Mti ambao babu aliuuza kwa kuukata, mjukuu anauuza ukiwa umesimama. Ili watu wasikose kuni na miti ya kujengea, mivinje hupandwa nchi kavu. Fedha zinazopatikana wanakijiji huamua wenyewe zifanye nini, na zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, vitu ambavyo mama mwenye ndoo kichwani hahitaji kuelezwa thamani yake.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walianzisha mradi kama huo kwa msitu mkubwa zaidi.

Ukifika Diani, usiishie ufukweni. Panda matatu ya kwenda Lunga Lunga, ushuke Gazi, uwaulize kina mama wanaotunza daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Watakutembeza, na kiingilio chako kitabaki kijijini.