Tabibu wa Makka na Kamera ya Mgeni

Ni nyumba chache za pwani yetu ambazo hazina picha ya Alkaaba ukutani. Nyingine imeletwa na hujaji wa zamani aliyekwenda kwa meli, nyingine imenunuliwa dukani pamoja na udi na tasbihi. Watu huitazama kila siku, watoto huoneshwa kibla kwayo, lakini ni nadra mtu kuuliza: ni nani wa kwanza aliyeupiga picha mji ule? Na katika wenyeji wa Makka wenyewe, ni nani aliyejifunza kazi hii kwanza, na alifunzwa na nani? Habari hii yafaa ijulikane, kwani ndani yake mna elimu iliyotolewa, na haki ya mwenye elimu isiyotimizwa.

Wa kwanza alikuwa Mwislamu wa Misri. Muhammad Sadiq Bey alizaliwa Cairo mwaka 1832, akasoma huko na kisha Paris, akawa mhandisi na mchoraji ramani katika jeshi la Misri. Mwaka 1861 alitumwa kuipima njia itokayo bandari ya al-Wajh hadi Madina, naye akachukua kamera pamoja na vyombo vyake vya kupimia. Huko Madina akaupiga picha mji na kuba la Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na mwenyewe aliandika kwamba hakuna aliyemtangulia katika jambo hilo. Mwaka 1880 alisafiri tena, mara hii akiwa mtunza fedha wa msafara wa mahmali, akapiga picha za Makka na za Msikiti Mtukufu. Mwaka uliofuata kazi yake ilitunukiwa nishani Venice, katika mkutano wa wanajiografia wa mataifa.

Msomaji wa leo, ambaye hata mjukuu wake ana kamera ndani ya simu, huenda asitambue uzito wa kazi ya mwaka 1861. Bamba la kioo lilipakwa dawa ya majimaji kama gundi, likachovywa katika maji ya fedha gizani, likatiwa ndani ya kamera lingali bichi, na likasafishwa kabla halijakauka. Muda wote huo ni dakika chache tu. Kwa hiyo mpiga picha alikwenda na hema lake la giza, chupa zake za dawa na maji yake, na katika jua la Hijazi bamba hukauka upesi kuliko Ulaya. Kazi hiyo haikuwa ya kujifunza kwa pupa.

Mambo yalibadilika baada ya 1871, pale tabibu wa Kiingereza Richard Leach Maddox alipotangaza njia ya bamba kavu. Kufikia miaka ya 1880 mabamba yaliyokwisha kutiwa dawa yaliuzwa yamefungwa katika visanduku. Mtu aliweza kupiga picha leo na kuisafisha kesho, au mwezi ujao. Hapo ndipo kazi iliyokuwa ya mafundi wakubwa ikawa ni kazi ambayo msafiri anaweza kuishika kwa miezi michache, na mwenyeji mwenye akili akaipokea kwake.

Msafiri tutakayemtaja ni Christiaan Snouck Hurgronje wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1857. Alisoma Kiarabu huko Leiden na mwaka 1880 akaandika kitabu chake cha kwanza juu ya Hija, ilhali hajaiona Makka kwa macho yake. Mwezi wa Agosti 1884 alifika Jidda, akakaa katika nyumba ya balozi mdogo wa nchi yake. Waholanzi wakati ule walitawala Java na Sumatra, na kila mwaka maelfu ya Waislamu wa visiwa hivyo walipitia Jidda kwenda kuhiji. Serikali yao ilitaka sana kujua mahujaji hao wanafanya nini Makka, wanasoma kwa nani, na wanarudi na fikra gani. Snouck alikaa Jidda karibu miezi sita, akiongeza Kiarabu chake na kuutia mkono wake katika kamera: mahujaji wa visiwani waliokuja ubalozini, makundi kwa makundi, aliwapiga picha ukutani pa nyumba ile. Humo ndimo alimopatia uzoefu.

Mwanzoni mwa mwaka 1885 akatamka shahada mbele ya watu, akajiita Abdul-Ghaffar, na mwezi wa Februari akaingia Makka. Je, alisilimu kwa moyo au kwa haja ya safari yake? Watu wangali wakibishana hata leo. Ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu. Sisi tunayo ya nje tu, nayo tutayafikia.

Sasa tuje kwa mtu ambaye kwa ajili yake tumeandika makala haya. Makka palikuwa na tabibu, Sayyid Abdul-Ghaffar, jina lile lile alilojipa mgeni. Alikuwa mtu wa mikono mingi. Mbali na dawa, alitengeneza saa na bunduki zilizoharibika, na alijua kupaka fedha na dhahabu juu ya vyombo. Watu wa namna hii tunawajua katika miji yetu: yule fundi ambaye ukimpelekea taa atakutengenezea, na ukimpelekea redio hatakurudisha. Mholanzi akafanya urafiki naye, na nyumbani kwa tabibu wakapiga picha pamoja. Mgeni akafundisha, mwenyeji akajifunza.

Tufikirie kidogo alichojifunza, maana hapa ndipo watu hudharau. Anayezoea vipimo vya dawa za wagonjwa hatishwi na dawa za picha, hilo kweli. Lakini jua la Makka ni kali, na vivuli vyake ni vyeusi. Ukilipa bamba mwanga wa kutosha kwa uso wa mtu, kanzu yake nyeupe huungua ikawa kama karatasi tupu. Tena utando wa bamba kavu ni wa jelatini, na maji yakiwa na joto utando huo hulainika na kuvurugika. Makka wakati wa kiangazi maji ya baridi utayapata wapi? Mambo kama haya hayafundishwi na mgeni wa miezi michache. Mgeni huonesha njia, kisha mwenyeji huipata kazi kwa kuharibu mabamba na kujaribu tena, mwaka baada ya mwaka.

Na mwaka baada ya mwaka ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mwalimu hakukaa. Katikati ya mwaka 1885 gazeti la Paris, Le Temps, lilichapa habari iliyotoka kwa ofisa wa Ufaransa huko Jidda. Mfaransa mmoja, Charles Huber, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na palikuwa na jiwe la kale la Tayma, lenye maandishi ya Kiarami, ambalo Wafaransa walilitaka. Gazeti likadai kwamba yuko mtu Makka, kwa jina la Abdul-Ghaffar, analitaka jiwe hilo pia. Habari ikafasiriwa kwa Kituruki na Kiarabu. Mwezi wa Agosti serikali ya Kituruki ikamwamuru Snouck atoke Makka mara moja, naye akasindikizwa hadi Jidda. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kufika siku ya Arafa. Mtu aliyeandika kitabu juu ya Hija, akasafiri mpaka Makka, hakuiona Hija. Jiwe lenyewe liliishia Paris, katika jumba la Louvre.

Kamera ilibaki Makka, kwa tabibu. Kutoka mwaka 1886 Sayyid Abdul-Ghaffar akawa anapiga picha peke yake: Msikiti Mtukufu umejaa watu wakiswali, mahema ya Arafa, bonde la Mina, mashekhe, maofisa wa Kituruki, mahujaji wa kila nchi. Picha alizipeleka Jidda kwa P. N. van der Chijs, naye akazipeleka Leiden. Juu ya picha nyingi tabibu aliandika jina lake kwa hati nzuri ya Kiarabu.

Mwaka 1888 na 1889 Snouck alitoa kitabu chake kikubwa juu ya Makka, kwa Kijerumani, sehemu mbili pamoja na mkusanyiko wa picha. Na mwaka huo wa 1889 kikatoka Leiden kitabu kingine cha picha peke yake. Katika hicho cha pili kazi kubwa ni ya tabibu. Lakini jina la tabibu halimo. Mwandishi alikiri kuwa picha zimetoka kwa tabibu mmoja wa Makka ambaye yeye ndiye aliyemfunza kazi hiyo, basi. Na zile hati nzuri za Kiarabu? Zilifutwa kabla ya picha kuchapwa. Kwa muda mrefu baadaye watu walizitaja picha zote kuwa ni za Snouck Hurgronje, na kule kushirikiana jina la Abdul-Ghaffar kukazidi kuwapoteza, hata picha za Arafa, mahali ambapo Mholanzi hakusimama siku ya Arafa hata mara moja maishani mwake.

Wako wanaomtetea. Wasema alilificha jina ili tabibu asipate madhara kwa Waturuki au kwa Sharifu wa Makka, ikijulikana kwamba anapeleka picha za Haram kwa mtu aliyefukuzwa. Hoja hii haifai kutupwa tu, hatari ilikuwapo. Lakini aliyeandika jina lake kwa mkono wake juu ya kazi yake hakuomba kufichwa. Na lau ilikuwa ni huruma, ingetosha kuchapa baadaye, hatari ilipokwisha, neno moja la kumtaja. Snouck aliishi mpaka mwaka 1936. Utawala wa Kituruki ulitoka Makka mwaka 1916. Miaka ishirini ilikuwa mingi kwa neno moja.

Sisi Waislamu jambo hili twapaswa kulihisi kuliko wengine. Dini yetu imetufikia kwa majina: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume (s.a.w.). Wanavyuoni wetu walisafiri miezi kwa sababu ya hadithi moja, na walipoipata walimtaja waliyeipokea kwake, hata akiwa mfinyanzi au mchuuzi wa mafuta. Kumwondoa mtu katika mlolongo kulikuwa ni aibu ya kielimu yenye jina lake maalumu. Basi mwalimu wa Leiden, aliyeisoma elimu hii na kuifahamu vizuri, hakuwa mtu wa kuambiwa maana ya kulifuta jina la mpokezi.

Atauliza msomaji: na kupiga picha zenyewe je? Ulamaa walilizungumza jambo hili kwa ukali na kwa upole. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kutoka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera. Hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi sura, bali anakizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, kama kioo kishikavyo uso. Wengine hawakuridhika, na hawajaridhika hadi leo. Sisi hapa hatutoi fatwa. Twaona tu kwamba Sayyid wa Makka, aliyeishi karibu kabisa na Haram, aliifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini kabla ya risala hizo kujulikana, na akaitia jina lake bila kuona haya.

Ama mwalimu, mwaka 1889 alikwenda visiwani akawa mshauri wa serikali ya Kiholanzi. Vita vya Aceh vilikuwa vimeanza tangu 1873 na Waholanzi walikuwa hawajashinda. Aliyoyajua kwa Waislamu, baadhi yake aliyoyapata kwa Waaceh waliokuwa wakikaa Makka ambao walimwona ndugu, yakawa ni nasaha kwa majemadari, na kutoka 1898 alifuatana na van Heutsz katika vita hivyo. Hii ndiyo hesabu ya nje tuliyosema tutaifikia.

Huku kwetu Zanzibar, katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, kazi ya picha ilikuwa mikononi mwa Wagoa, kama A. C. Gomes, na wenyeji walikwenda kwao kupigwa wakiwa wamevaa majoho na majambia. Lakini wako wa kwetu waliopigwa mbali na nyumbani: katika picha zilizochapishwa na Mholanzi yule, pamoja na mahujaji wa Java, Sumatra, Basra, Bahrain na Morocco, wamo pia mahujaji wa Zanzibar.

Picha asili zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Leiden. Katika miongo ya karibuni wachunguzi walizitoa, wakaziweka kando ya zile za kitabuni, wakaona tofauti. Kitabuni pale pembeni ni patupu. Katika picha ya asili pana mstari wa Kiarabu, hati safi ya mtu asiye na haraka, unaosema kwamba hii ni picha ya Sayyid Abdul-Ghaffar, tabibu wa Makka.